Gari liliingia gereji kwa kuchemsha, likatoka linakula mafuta: nilivyofuatilia hapa Tabora hadi gereji wakakubali

Binti Asali (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nauandika kwa sababu kila mara humu mtu anauliza "gari langu limeanza kula mafuta, tatizo nini?" na majibu ni yale yale: badili plagi, safisha nozeli (zinazonyunyizia petroli), weka sensa mpya ya oksijeni (inayosoma moshi wa injini). Mtu anateketeza laki tatu, laki nne, na gari bado linakula. Mimi naona swali la kwanza linarukwa: lilianza kula lini, na kabla ya hapo nani aliligusa?

Natumia Premio ya injini ya 1NZ, cc 1500, otomatiki. Nipo Tabora mjini na kazi yangu ni asali. Nachukua kwa wafugaji wa nyuki Sikonge, mara nyingine Urambo, naleta mjini, nachuja, nafungasha, nauza. Kwa hiyo barabara ninayopita ni ile ile, mzigo ni zile zile ndoo, na mwendo haubadiliki sana kwa sababu kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki wa tochi wapo. Mafuta ndiyo yanayoamua kama nimepata faida au nimetembeza ndoo bure. Ndiyo maana nina daftari la gari: kila nikijaza naandika odometa (namba ya kilomita kwenye dashibodi), lita na sheli niliyojazia.

Njia ya Sikonge gari lilikuwa linanipa kilomita 13 kwa lita, mjini kama 10. Likaanza kuchemsha. Si barabarani, ni pale unaposimama na AC inafanya kazi: unasubiri mtu sokoni, mshale unapanda; ukiondoka unashuka. Nikalipeleka gereji moja hapa mjini, kubwa tu, haikosi magari. Jina silitaji na msinibane nilitaje, tumeshamalizana. Jioni nikaambiwa, "Dada, tatizo limekwisha, mfumo wa maji tumeusafisha wote." Nikalipa, nikapewa risiti ya mkono imeandikwa "kusafisha rejeta na ufundi".

Kweli halikuchemsha tena. Lakini nilipojaza tena na kupiga hesabu, 13 imekuwa 9.5. Nikadhani nimekosea kuandika. Nikajaza sheli nyingine, nikaenda njia ile ile. Tisa na nusu, mara tisa na robo.

Kwa wanaoona hiyo ni tofauti ndogo: Sikonge ni kama kilomita 70, kwenda na kurudi 140. Kwa 13 unatumia lita 10.8. Kwa 9.5 unatumia lita 14.7. Ni karibu lita 4 zimeongezeka kwenye safari moja. Chukua lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi: elfu kumi na mbili inateketea kila nikifuata asali. Hiyo ni mishahara ya watu.

Nieleze namna ninavyopima, maana bila hili gereji watakukimbiza. Jaza tenki mpaka mkono wa pampu ukate wenyewe mara ya kwanza, usimruhusu mhudumu aongeze "kidogo kidogo" mpaka shingoni. Andika odometa. Tembea mpaka utumie angalau nusu tenki. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, jaza tena mpaka ikate yenyewe. Lita ulizojaza mara ya pili ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo tena na tena kabla hujafungua mdomo kwa fundi. Mshale wa mafuta kwenye dashibodi si kipimo, na "nikiweka ya elfu ishirini nafika mahali fulani" si kipimo pia.

Nikarudi gereji na daftari langu. Aliyenipokea ni fundi yule yule aliyelishika gari.

"Dada, gari hili ni la zamani, ulaji lazima uongezeke."

Nikamwambia uzee hauingii kwa jioni moja. Tenki la kabla ya kuja hapa lilikuwa 13, la baada ya hapa ni 9.5, tarehe hizi hapa.

"Basi mafuta ya siku hizi machafu." Nikamwonyesha: sheli mbili tofauti, jibu moja. "Labda mzigo." Mzigo haujabadilika tangu nilinunue. Kisha akasema lile ambalo wanawake wenye magari humu wanalijua vizuri: "Mwambie shemeji aje tuongee naye, haya mambo ya injini." Nikamjibu kwa utulivu kwamba kadi ya gari ina jina langu, anayelijaza mafuta ni mimi, na anayeandika daftari hili ni mimi, hakuna mtu mwingine wa kuongea naye.

Hapo ndipo akaniletea orodha: plagi nne, kusafisha nozeli, sensa ya oksijeni, na "kuisafisha kompyuta". Jumla ilizidi laki nne. Nikamuuliza kama amepima akaona sensa imekufa. Akasema, "Huwa zinakufa." Nikachukua ufunguo nikaondoka. Sitalipia kifaa ambacho hakuna mtu aliyekipima, na wala wewe usikubali. Sensa nzima ikitolewa na kuwekwa ya mtumba isiyojulikana ilikotoka, unaweza kutengeneza tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Nikaelekezwa kwa kijana mmoja upande wa Ipuli, fundi umeme wa magari, amesomea VETA. Cha kwanza alichoniuliza hakikuwa kuhusu mafuta. Aliuliza, "Mara ya mwisho lilifunguliwa wapi, na kwa tatizo gani?" Nikamweleza habari ya kuchemsha. Akatikisa kichwa, akachomeka mashine yake chini ya usukani. Hakuna kosa hata moja lililohifadhiwa, taa ya injini haikuwa imewaka. Fundi wengi wangeishia hapo, wangesema gari zima. Yeye akafungua ukurasa wa namba zinazokwenda moja kwa moja injini ikiwa inafanya kazi, akaniambia twende barabarani, niendeshe yeye asome.

Joto la maji ya injini, gari likiwa limeshatembea muda mrefu, kwenye 80 kwa saa: 61. 63. Tukashuka kidogo kuelekea bondeni: 57. Tuliposimama pembeni likaanza kupanda taratibu. Akaniambia injini hii ikiwa na afya, barabarani inatakiwa ikae juu ya nyuzi 80, na isiyumbe hivyo. "Gari lako halijawahi kupata moto tangu litoke huko. Kompyuta inadhani ni asubuhi muda wote."

Tukarudi kijiweni kwake, tukasubiri lipoe. Akamwaga kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) kwenye beseni, akafungua mfuniko ambapo hosi ya chini ya rejeta inaingia kwenye injini, akamulika kwa tochi ya simu. Nyumba ya themostati ilikuwa tupu. Ndani hakuna kitu, pembeni ile gundi nyekundu ya gasketi imepakwa nene mpaka imechuruzika ndani. Nilipiga picha za kutosha.

Kwa wasiojua: themostati ni mlango wa maji. Injini ikiwa ya baridi unafunga, maji hayaendi kwenye rejeta, injini inapata moto haraka. Kwenye injini kama hii unaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukiutoa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, na gari likiwa kwenye mwendo upepo unayapoza kupita kiasi. Kompyuta ya gari hutazama joto la maji kuamua imwage petroli kiasi gani; ikiona ubaridi inaongeza, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye injini ya baridi. Kwenye otomatiki kuna la ziada: maji yakiwa ya baridi kompyuta huchelewesha au huzuia gia ya juu, kwa hiyo injini inazunguka kwa kasi kubwa zaidi kwa mwendo ule ule. Kijana akaniuliza kama nimeona gari linalia zaidi kwenye 80 kuliko zamani. Nilikuwa nimeona, nikadhani ni salensa.

Na kile kilichokuwa kinachemsha gari hakikuguswa. Kijana alilowesha mkono akausogeza mbele ya feni ya rejeta ikizunguka: upepo dhaifu. Mota ya feni ilikuwa imechoka. Ndiyo maana lilikuwa linachemsha likisimama tu, na likitembea linapoa. Fundi wa kwanza alificha dalili badala ya kutibu ugonjwa, na kuificha kwenyewe ndiko kunakonila lita 4.

Nikamwomba asirudishe kitu bado. Nikarudi gereji asubuhi, safari hii nikamwomba mwenye gereji mwenyewe, mzee mtu mzima, tuketi. Sikupaza sauti. Nikamwamkia, nikaweka mezani vitu vitatu: daftari, risiti yao, na picha. Nikasema, "Mzee, sijaja kugombana. Gari liliingia hapa na themostati, limetoka bila. Sikuambiwa, haikuandikwa, na kifaa changu sikupewa. Naomba tulimalize."

Akamwita fundi wake. Fundi hakukataa, alisema wazi: "Mzee, huku joto, themostati haina kazi, wote tunatoa." Mzee alinyamaza kidogo, akamuuliza mbona hakumwambia mwenye gari. Hakuwa na jibu.

Tulikubaliana hivi: hela ya ufundi inarudi, themostati mpya wananunua wao, mota ya feni nanunua mimi kwa sababu kweli ilikuwa imechoka, na kazi anafanya yule kijana wa Ipuli kwa gharama yao. Tukaandika kwenye karatasi, tukasaini wote. Nampongeza mzee, angeweza kunifukuza.

Jambo moja la mwisho kuhusu kununua. Kijana wa Ipuli alileta themostati mbili kutoka maduka mawili, akaomba jiko la mkaa kwa mama lishe wa jirani. Akazifunga kwa kamba, akazitumbukiza kwenye sufuria ya maji pamoja na waya wa kupimia joto wa multimita yake. Moja ilianza kufunguka maji yakiwa hayajafika hata nyuzi 70. Ya pili ilikaa kimya mpaka 81, ndipo ikaanza kuachia, na kufika 90 na kitu imefunguka wazi. Ya kwanza ilirudishwa dukani. Zote zilikuwa kwenye boksi lenye jina lile lile la kampuni.

Sasa hivi barabarani linakaa kati ya 84 na 90, na Sikonge imerudi kwenye 13 kasoro kidogo. Feni inavuma, halichemshi.

Karibuni, hasa mafundi mliomo humu mnisahihishe nilipopotosha.

---

Dereva wa Ipuli

Mwangaluka dada. Nimesoma yote. Hii tabia ya kutoa themostati ina historia yake: magari ya zamani ya kabureta hayakuwa na kompyuta ya kusoma joto, ukitoa themostati madhara huyaoni haraka. Fundi mkubwa akamfundisha mdogo, mdogo akamfundisha mwingine, magari yakabadilika, mafunzo hayakubadilika. Nimeendesha magari ya mizigo miaka mingi, hata huko hutolewa, na injini inalika taratibu kwa ubaridi.

---

Mwana Ujiji

Mimi nipo Kigoma na napingana na mada kidogo. IST yangu themostati ilitolewa zamani sana na sijaona shida yoyote. Huku joto la ziwani na vilima, ukiiacha gari linakufa njiani. Naweka ya elfu thelathini naenda Kasulu na kurudi, safi kabisa.

---

Fundi Sensa

Mwana Ujiji, heshima mkuu, ila elfu thelathini si lita. Bei kikomo za mafuta za EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Kigoma si ya Dar wala ya Tabora. Elfu thelathini ya mwezi huu na ya mwezi ujao huenda zikakupa lita tofauti. Halafu kama ilitolewa zamani sana, huna namba ya kabla ya kulinganisha nayo. Huwezi kuona kilichopotea kama hukuwahi kukipima.

Pima hivi, hutumii hata shilingi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, washa, kaa mbali na mikanda na feni, shika hosi ya chini ya rejeta. Kama themostati ipo, hosi hiyo inabaki ya baridi kwa muda, halafu ghafla inapata moto. Kama haipo, inaanza kupata uvuguvugu mapema na kupanda polepole. Kipimo cha pili: ukishatembea nusu saa barabarani, fungua hita kwenye moto wa mwisho. Hewa ikitoka ya vuguvugu tu, injini yako ni ya baridi. Cha tatu: fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake. Utando wa kahawia hafifu kama chai ya maziwa unaweza kuwa ni unyevu usiopata moto wa kuukausha. Hapo usikimbilie kusema gasketi ya hedi (inayozuia maji yasiingie kwenye oili) imekufa kabla hujajua joto la injini.

Na wanaorudishia: kale kapini kadogo kanakochezacheza kwenye themostati kakae juu, ndiko hewa inapotokea. Ukikaweka chini hewa inabaki ndani, gari litachemsha, na fundi atasema "nilikwambia themostati haifai".

---

Mkulima wa Urambo

Mada nzuri. Niongeze ya kwangu, maana si kila ulaji ni themostati. Gereji walinishauri niweke matairi makubwa gari linyanyuke, barabara za huku mnazijua mvua zikinyesha. Kutoka 195/65R15 kwenda 205/70R15. Baada ya hapo kila nikipiga hesabu naona gari linakula zaidi. Nikawa nataka kurudi kuwasha moto. Jirani yangu mwalimu akanionyesha kwamba tairi jipya ni kubwa kwa karibu asilimia 5, kwa hiyo odometa inahesabu kilomita pungufu kuliko nilizotembea. Ikisema 100 nimetembea 105. Sehemu ya "ulaji" wangu ilikuwa kwenye hesabu, sehemu ilikuwa kweli kwa sababu tairi ni zito. Kabla ya kugombana na fundi, linganisha odometa na kilomita za ramani ya simu kwenye safari ndefu.

---

Mama wa Kanyenye

Dada umenigusa pale pa "mlete shemeji". Mimi niliambiwa nimlete baba mwenye gari. Mwenye gari ni mimi na mume wangu hajui hata kuendesha. Nilitoka pale nimenyong'onyea, nikalipa walichotaka. Kumbe ningekwenda na daftari.

---

Binti Asali

Mama wa Kanyenye, pole sana mama yangu. Na ukienda tena, muombe fundi aandike kabla hajaanza: tatizo lililoletwa, kitakachofunguliwa, kitakachobadilishwa. Kisha mwambie kila kifaa kitakachotoka kwenye gari lako unakitaka mkononi, hata kama ni taka. Hilo moja tu linabadilisha namna wanavyokushikia gari. Mkulima, hilo la matairi sikulijua, asante.

---

Fundi Sensa

Narudi. Mimi nikiletewa gari linalokula mafuta baada ya kutoka gereji, naanza pale walipogusa.

Walisafisha kilina (chujio) ya hewa? Naangalia sensa ya hewa iliyopo kwenye bomba lake. Fundi wengi wanapuliza kwa upepo wa kompresa, ule waya mwembamba ndani unakatika au unachafuka. Au soketi yake haijarudishwa vizuri. Kilina chenyewe kikiwa na vumbi kidogo hakiongezi ulaji kama watu wanavyodhani kwenye magari ya kompyuta. Kinapunguza nguvu kwanza.

Walifanya breki? Baada ya kuendesha kilomita kadhaa bila kukanyaga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika. Hendibreki iliyokazwa kupita kiasi inafanya hivyo hivyo nyuma.

Walishika salensa au masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi)? Hapa ni pazito. Ufa kwenye bomba kabla ya sensa ya oksijeni unaingiza hewa ya nje, sensa inadanganyika kwamba petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza. Sensa ni nzima na ukiibadilisha hupati kitu. Na mkienda kuchomelea salensa simameni hapo hapo, masega yana soko, yanatolewa mchana kweupe na bomba linafungwa vizuri usijue.

Walitoa betri? Kompyuta ya gari hupoteza ilichojifunza, ipe siku chache kabla ya kulalamika.

Kuhusu sensa ya oksijeni: ndiyo, hufa, na ikifa gari linakula kweli. Lakini hupimwa. Mwambie fundi akuonyeshe inavyocheza kwenye mashine, na akuonyeshe kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kwa asilimia ngapi. Ndani ya 10 juu au chini mara nyingi si tatizo. Akishindwa kuonyesha, ufunguo wako uko mkononi, dada ametuonyesha njia.

---

Mshika Haki

Nizungumzie upande wa kudai. Makubaliano na gereji ni mkataba hata kama hamkuandika, ila bila maandishi utapata taabu kuthibitisha. Dai risiti, na iandikwe kazi iliyofanywa. Mkishindwana, wengine huanza kwa mwenyekiti wa mtaa na mara nyingi yanaishia hapo kwa sababu gereji inataka kubaki na wateja. Malalamiko ya walaji hupokelewa pia na Tume ya Ushindani, na madai madogo ya fedha yanakwenda mahakama ya mwanzo. Na kama unashuku sheli, hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo, ndio wanaokagua pampu na kubandika stika. Angalia stika kabla ya kujaza.

Dada Binti Asali alifanya jambo moja kubwa ambalo limepita kimya: hakuruhusu fundi wa pili arudishie kabla gereji ya kwanza haijaona. Wengi wanatengeneza kwanza, halafu wanakwenda kudai mikono mitupu.

---

Kijana wa Nzega

Swali kwa mwanzisha uzi. Hukuogopa kuliendesha hivyo hivyo mpaka mzee wa gereji akubali?

---

Binti Asali

Halikuwa na hatari ya kuungua, lilikuwa linapoa kupita kiasi, na feni niliijua ni dhaifu kwa hiyo sikuwasha AC nikiwa nimesimama. Ila sikufuata asali kipindi hicho. Oili niliimwaga kazi ilipokwisha, kwa ushauri wa kijana, kwa sababu petroli inapozidi kwenye injini ya baridi nyingine huteremka ikachanganyika na oili.

---

Mwana Ujiji

Wakuu nimerudi. Nimeshika hosi ya chini asubuhi kama Fundi Sensa alivyoelekeza. Imeanza uvuguvugu mapema, hakuna kupata moto kwa ghafla. Nimejaribu na hita kutoka Mwandiga, hewa haichomi hata kidogo. Kwa hiyo haimo, nilishaambiwa, lakini sikujua inanigharimu. Naomba kujua: nikirudisha tu themostati si litachemsha kama zamani? Ilitolewa kwa sababu hiyo hiyo.

---

Fundi Sensa

Litachemsha, mkuu, kama aliyeitoa hakutafuta sababu. Kwa hiyo usinunue leo. Anza na feni: iache injini ipate moto gari likiwa limesimama, uone kama inawaka yenyewe na inavuma kwa nguvu. Kisha kofia ya rejeta, mpira wake ukiwa umekakamaa au springi imelegea, badili, ni kitu cha bei ndogo. Kisha rejeta yenyewe: kama miaka yote umekuwa ukiongeza maji ya bomba badala ya kulanti, ndani kuna kutu na matope, itolewe ioshwe au ibadilishwe. Angalia na pampu ya maji kama inavuja. Hivyo vikiwa sawa ndipo uweke themostati, ukanunue kwa namba ya chasisi, si kwa kukadiria kwa macho kaunta. Na sufuria unayo.

---

Binti Asali

Mwana Ujiji, kabla hujafungua chochote jaza tenki mpaka ikate, andika odometa, nenda Kasulu na urudi, jaza tena. Hiyo itakuwa namba yako ya kabla. Ukimaliza kutengeneza, rudia njia ile ile. Zilete zote mbili hapa, hata kama zitakuwa sawa.

---

Mwana Ujiji

Nimejaza jioni hii. Odometa nimeipiga picha.